UZI: Edward Steere, askofu aliyefundishwa Kiswahili na watoto watano wa jahazi

Mleta uzi (1)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa "Kiswahili sanifu kilitoka wapi" ukianza humu, kuna jina linatajwa mara moja halafu linapitwa: Edward Steere. Wengine wanalifahamu kwa sababu waliwahi kutembezwa Kanisa Kuu la Mkunazini pale Mji Mkongwe wakaambiwa "huyu ndiye askofu aliyejenga". Basi, wanaishia hapo.

Nimemfuatilia mtu huyu kwa muda mrefu na nina jambo la kusema juu yake. Tunamkumbuka kwa mawe. Lakini kabla ya mawe alikaa miaka akisikiliza, akiuliza maana ya neno, akirekebishwa, akiandika upya. Waliomrekebisha ni watoto waliookolewa kwenye jahazi la watumwa, na watu wa Unguja, Waislamu, akiwemo kadhi. Kamusi uliyonayo kabatini ina jasho lao. Nataka tuwataje pamoja naye.

Nitaleta kwa vipande, mnivumilie.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Hakusomea uchungaji kwanza. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha London mpaka akapata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Kijana wa miaka 22, mlango wa maisha mazuri uko wazi mbele yake. Akauacha. Mwaka 1856 akapewa ushemasi, akatumikia parokia ndogo za mashambani na za pwani, ikiwemo Skegness, mji wa wavuvi katika jimbo la Lincolnshire. Huko walimkumbuka kama padri wa kukunja mikono ya shati akashika kazi mwenyewe. Msisahau sifa hiyo, tutakutana nayo tena Unguja.

Jirani yake huko Lincolnshire alikuwa padri mwenzake, William Tozer. Urafiki wa wawili hawa ndio uliomleta kwetu.

Mchangiaji wa 2

Tiririka mkuu, nipo nafuatilia. Ila naomba utuelezee hiyo misheni yenyewe ilianzaje, maana wengine tunasikia UMCA tu kwenye majina ya shule za zamani.

Mleta uzi (3)

Ombi zuri. Kwa kifupi.

Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge akawasihi vijana wa vyuo waje Afrika. Wakaitikia, na hapo ndipo ilipozaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliita UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861, akapanda mto Shire hadi Magomero, Malawi ya leo. Mambo yakaharibika haraka. Wamisheni wale walijiingiza katika vita na Wayao kwa nia ya kukomboa mateka, wakashikwa na njaa na homa, na tarehe 31 Januari 1862 Mackenzie akafa. Mwaka mmoja na mwezi mmoja tu wa uaskofu.

Tozer ndiye aliyechaguliwa kumrithi, mwaka 1863. Akamwomba Steere amsindikize. Steere alikubali kwa makusudio ya kukaa mwaka mmoja, miwili ikizidi, kumsaidia rafiki. Alikuwa na mke nyumbani na parokia inamngoja.

Walipofika Shire wakaona makaburi mengi na kazi kidogo. Tozer akaamua jambo lililomkasirisha sana Livingstone: akaondoa misheni bara na kuileta Unguja, Agosti 1864. Livingstone aliona ni kukimbia. Mimi naona Tozer alipiga hesabu sahihi. Unguja ndiko misafara mingi ya kwenda maziwa makuu ilikokuwa ikifungiwa mizigo. Ukijua lugha ya Unguja, umeshika ufunguo wa njia mpaka Ujiji.

Na lugha ile hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua.

Mleta uzi (4)

Hapa ndipo moyo wa uzi huu ulipo, someni taratibu.

Wamefika tu, Sultani Majid akamkabidhi Tozer wavulana watano. Walikuwa wamekamatwa katika jahazi lililobeba watumwa kinyume cha sheria. Watoto wadogo, wametolewa bara, hawana mama wala baba, wamevuka bahari wakiwa bidhaa, sasa wamekabidhiwa kwa Wazungu wawili wasioweza hata kuwauliza "mmekula?".

Miongoni mwao ni John Swedi na George Farajallah. Hayo ni majina waliyopewa kwa ubatizo yakiunganishwa na waliyokuja nayo. Majina waliyoitwa na mama zao ni jambo jingine.

Shule ikaanza hivyo: mwalimu hajui lugha, mwanafunzi hajui anachotakiwa kujifunza. Steere akageuza meza, akawafanya wao wawe walimu. Anaonyesha kitu, wanataja. Anaandika, anawasomea, wanacheka, anafuta, anaandika tena. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa wa mkono, naye akawafundisha wavulana kupanga herufi. Fikirieni hilo kidogo. Miaka ile ya 1860 wengi wa watu wa pwani walioandika Kiswahili walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Na hapa kuna mtoto, juzi alikuwa ndani ya tumbo la jahazi, leo anapanga kwa vidole vyake Kiswahili cha herufi za Kilatini, anapaka wino, anavuta mkono wa mtambo, ukurasa unatoka.

Kitu kimoja cha kitaalamu ambacho kinatugusa mpaka leo. Steere alichagua konsonanti zisomwe karibu na Kiingereza na irabu zisomwe kama za Kitaliano. Ndiyo maana leo tunaandika "ch" na "sh" na "y" hivi tunavyoandika, na "a, e, i, o, u" hazibadiliki sauti popote zilipo. Johann Ludwig Krapf, ambaye alimtangulia kwa miaka ishirini hivi, alifanya kazi kubwa Mombasa, lakini juu ya Kimvita na kwa tahajia nyingine. Njia ya Steere ndiyo iliyopita.

Mchangiaji wa 5

Mleta uzi nakuheshimu, lakini tusipambe. Hawa walikuja kubadili dini za watu. Lugha ilikuwa chombo tu. Na Waislamu wa Unguja walikuwa wanasoma na kuandika karne nyingi kabla ya huyo Steere kuzaliwa. Unaposema alifundisha watu kuandika unawafuta.

Mleta uzi (6)

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na nilikuwa naielekea.

Kwanza, ndiyo, alikuja kuhubiri, hakuficha. Alihubiri kwa Kiswahili hapo hapo Mkunazini mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa Waislamu, wakasikiliza, wakambishia, naye akajibu.

Pili, kuhusu elimu ya Unguja: Steere mwenyewe alikuwa shahidi wako. Alipotaka kujua Kiswahili kizuri kinasemwaje, alikwenda kwa wenyewe. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha 1870 anamtaja Sheikh Abdulaziz. Huyu ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Zanzibar, mwanachuoni mkubwa wa zama zake, mtu aliyejadiliana na wamisheni juu ya dini bila kuwaogopa. Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi kabisa.

Kadhi wa Kiislamu anakaa anamfasiria padri wa Kianglikana Zaburi za Daudi. Mimi kila nikilifikiria tendo hilo naona lina adabu ya Unguja yote ndani yake: mgeni kaja kuomba msaada wa lugha, apewe kilicho bora, tofauti ya imani haimnyimi.

Na mwisho wake una funzo la lugha pia. Steere aliona Kiswahili cha Sheikh ni cha kisomi mno, kimejaa Kiarabu, mtu wa kawaida sokoni hakifikii. Hakukitupa, akakitumia kama kipimo, kisha akashuka kwa watu wa kawaida kutafuta neno linaloeleweka na wengi. Mvutano huo kati ya Kiswahili cha mwanachuoni na cha mchukuzi bandarini bado tunao. Humu ndani tu, mtu akiandika "taathira" mwingine anauliza maana yake.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba hakuleta maandishi Unguja. Aliyakuta. Alichofanya ni kuyaweka katika herufi nyingine na kuyachapa.

Mchangiaji wa 7

Mwalimu wangu wa darasa la nne alitusimulia kisa cha kima na papa, kima anasema moyo wake ameuacha mtini. Nikaja kusikia kimo katika kitabu cha huyu askofu. Ni kweli?

Mleta uzi (8)

Ni kweli kabisa. Kipo ndani ya "Kisa cha Punda wa Dobi", ngano ya kwanza katika mkusanyiko aliouchapa 1870. Papa anamwalika kima kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wao mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba sisi kima tukitembea mioyo yetu tunaiacha mitini. Papa anamrudisha, kima anaruka juu ya mkuyu wake, na papa anabaki akimwita.

Kisa chenyewe kina ndugu zake India, kimesafiri na pepo za kaskazi kama ulivyosafiri ubani na nguo. Lakini namna kilivyosemwa, maneno, mdundo, kurudiarudia, ni Unguja tupu.

Katika kitabu hicho kimo pia kisa cha Sultani Darai, chenye yule paa aliyenunuliwa na masikini Hamdani kwa thumni aliyoiokota jaani, yumo Sungura na Simba, yumo Goso mwalimu aliyeangukiwa na buyu, na zimo habari za Liongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, pamoja na utumbuizo wake. Steere aliandika jinsi alivyosikia, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kiingereza. Hakuzitia Ukristo ndani yake wala kuzisafisha ziwe za Jumapili. Kwa padri wa zama zile, huo ni uungwana mkubwa. Sauti ya msimuliaji wa Unguja wa miaka ya 1860 ipo mle mpaka leo, unaisikia.

Kitabu cha sarufi na hiki cha ngano vyote vilitoka mwaka mmoja, wakati yuko Uingereza. Alirudi huko 1868. Alikwenda na madaftari yake na ile miaka minne ya kusahihishwa na watoto.

Na hakuishia Kiswahili. Alikusanya maneno ya Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde kutoka kwa watu waliopita Unguja, wengine watumwa, wengine wapagazi. Kila mtu aliyeshuka pwani kwake alikuwa kitabu.

Mchangiaji wa 9

Mkuu umetaja John Swedi na George Farajallah. Waliishia wapi?

Mleta uzi (10)

Asante kwa kuuliza.

Mwaka 1870 Tozer aliwapa wote wawili daraja la ushemasi mdogo. Mwaka huo huo kipindupindu kilichokuwa kimeingia Unguja kikamchukua George Farajallah. Katoka utumwani, kasoma, kapewa huduma, kafa kijana.

John Swedi aliishi. Mwaka 1879 Steere, sasa akiwa askofu, akampa ushemasi kamili. Miaka 15 tangu akabidhiwe na Sultani Majid. Kazi ile iliendelea baada ya Steere: mwaka 1890 askofu aliyemfuata, Charles Smythies, akampa upadri Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa naye amekombolewa utumwani, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kuwa padri. Wanaouliza Kanisa Anglikana Tanzania limepataje maaskofu wazalendo kama John Sepeku, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania mwaka 1970, waanzie kuhesabu kwa wale watano, wasianzie kwa Steere.

Mleta uzi (11)

Sasa uaskofu wenyewe.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872, mwaka ule wa kimbunga cha Aprili kilichoangusha mikarafuu ya kisiwa kizima. Tozer afya imemwisha, mwaka uliofuata akajiuzulu. Steere hakuutaka uaskofu, lakini tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa wakfu Westminster Abbey, London. Ana miaka 46.

Katikati hapo likatokea jambo kubwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, baada ya kubanwa na John Kirk, balozi wa Uingereza, na kutishiwa manowari kuzingira kisiwa, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata kiwanja. Sehemu ilinunuliwa na padri mmoja wao, Arthur West, na sehemu ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi.

Wengi hawajui kwamba mkataba ule haukumfungua mtumwa yeyote aliyekuwa tayari kisiwani. Utumwa wenyewe Unguja uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Kwa hiyo Steere alijenga kanisa juu ya soko lililofungwa, huku nje ya uzio mtu anamilikiwa na mtu. Alikufa hajauona mwisho wake.

Jengo alilichora na kulisimamia mwenyewe. Hapo ndipo yule padri wa kukunja mikono ya shati anaporudi. Hakuwa mhandisi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa ni upinde mmoja mrefu wa zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, hauna boriti wala nguzo katikati ya ukumbi. Wapo waliotabiri kwamba siku mbao za kushikilia zikitolewa litakuja chini lote. Mbao zikatolewa, paa likabaki juu. Lipo mpaka leo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi 1877.

Ukifika, angalia nguzo ndogo upande wa mlango wa magharibi. Watembezaji husimulia kwamba mafundi walizisimamisha juu chini wakati askofu hayupo, aliporudi akaona, akaziacha hivyo hivyo. Altare nayo imewekwa pale panaposemwa palikuwa mti wa kuchapia watumwa, na duara la marmaru sakafuni linaonyesha mahali.

Mchangiaji wa 12

Na vile vyumba vya chini tunavyoonyeshwa na kuambiwa watumwa walifungwa humo?

Mleta uzi (13)

Vile viko chini ya nyumba ya Mtakatifu Monika, na nyumba hiyo ilijengwa na misheni kama hospitali baada ya soko kufungwa. Kwa hiyo muwe waangalifu na maelezo mnayopewa mlangoni. Uchungu wa mahali pale ni wa kweli, uwanja wote ule ulikuwa soko la watu, hauhitaji kuongezewa.

Mchangiaji wa 14

Mimi natokea Masasi. Kwetu historia ya kanisa inaanza na huyu huyu. Mbona hujagusa?

Mleta uzi (15)

Nilikuwa nasubiri mtu wa Masasi ajitokeze!

Meli za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi na kukabidhi mateka kwa misheni. Unguja ikajaa. Wavulana walikuwa Kiungani, watu wazima na wasichana Mbweni, kwenye shamba la misheni. Steere akaona watu hawa asili yao ni bara, wengi kutoka upande wa Nyasa, kwa nini wafie Mbweni wakilima shamba la misheni? Warudishwe kwao.

Mwaka 1875 akaenda kwanza mwenyewe kuangalia njia. Akatoka Lindi kwa miguu mpaka Mwembe kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, ambaye naye alikuwa anauza watumwa. Mataka akampokea vizuri. Mwaka uliofuata, 1876, akaondoka tena Lindi, safari hii na watu wapatao hamsini na kitu waliokombolewa, kwa nia ya kuelekea Nyasa.

Walipofika Masasi, chini ya yale majabali, wakakuta maji, ardhi nzuri, na habari za njaa huko mbele. Watu wakasema hapa panatosha. Steere akakubali. Hicho ndicho ninachokipenda katika safari ile: mpango ulikuwa Nyasa, watu wakachagua Masasi, na askofu akafuata. Akakaa nao kidogo kugawa viwanja na kuanza kujenga, halafu akarudi pwani. William Percival Johnson na baadaye Chauncy Maples wakaendelea.

Haikuwa hadithi tamu moja kwa moja, na ndugu wa Masasi utanirekebisha nikikosea. Kijiji kile kilikuwa cha misheni, wamisheni wakajikuta wanaamua kesi za watu na kutoa adhabu kama watawala, jambo ambalo padri hapaswi kulifanya. Na Septemba 1882 Magwangwara, Wangoni wa Songea, wakaja wakavamia, wakaua na kuchukua mateka. Watu waliokombolewa mara moja wakachukuliwa tena. Steere alikuwa ameshafariki majuma machache tu kabla, hakuisikia habari hiyo.

Mchangiaji wa 16 (yule wa 14)

Hujakosea. Wazee wetu hiyo ya Magwangwara walikuwa wanaisimulia kama jana. Bibi akisema "mwaka wa Magwangwara" watoto tunanyamaza. Na ukumbuke wale hamsini na kitu hawakuwa wa kabila moja. Wayao, Wanyasa, Wamakua, walikuwa wanaelewana kwa Kiswahili walichojifunza Unguja. Sisi kwetu Kiswahili cha kanisani kilikuwa kikubwa kabla Mjerumani hajafika.

Mleta uzi (17)

Umenipa kitu. Asante sana. Hicho ndicho kiungo nilichokuwa nakitafuta: Kiswahili kilichochapwa na watoto Unguja kikapanda Masasi na watu waliokombolewa, kikawa lugha ya nyumbani.

Basi nimalizie upande wa kalamu, maana yule wa mwanzo wa uzi ndiye tunayemtafuta.

Katika miaka yote hiyo ya uaskofu, na ujenzi, na safari za miguu, Steere hakuacha kufasiri. Agano Jipya lilichapwa kitabu kimoja mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikakamilishwa na wenzake mwaka 1891. Ukisoma kurasa zile leo utakuta "Muungu" badala ya "Mungu", na maneno ambayo sisi wa bara tumeshayasahau. Biblia ya Muungano ya 1952 ambayo wengi tumekulia nayo ilikuja kuunganisha njia ya Unguja na ya Mombasa, na ukiweka kurasa sambamba unaona sentensi nyingi zinajuana.

Kisha fuateni mnyororo huu. Mwaka 1880 alifika Kiungani mwalimu aitwaye Arthur Madan. Huyo akaupokea msingi wa Steere, akarekebisha kitabu chake cha sarufi, akatunga kamusi zake, ya Kiingereza na Kiswahili 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Katibu wake, Frederick Johnson, akaijenga kamusi kubwa ya 1939 juu ya ile ya Madan. Vizazi vyote vya kamusi vilivyofuata vimeitazama ile.

Sasa rudini nyuma hatua kwa hatua: Johnson, Madan, Steere. Na nyuma ya Steere? Kadhi mmoja mwenye asili ya Barawa, wasimulizi wa ngano wa Unguja, na John Swedi na wenzake wanne wakicheka mwalimu anavyokosea ngeli.

Mchangiaji wa 18

Lakini kuna upande wa pili mkuu. Watu wa Mombasa, Lamu, Pemba wanalalamika kwamba kwa sababu ya huyu Kiunguja kilipewa cheo na lahaja zao zikaitwa "zisizo sanifu". Washairi wakubwa wa Kimvita wakaachwa pembeni. Hilo ni deni.

Mleta uzi (19)

Ni deni, sitalikataa. Steere hakuamua lolote mwaka 1928, alikuwa kaburini miaka 46. Lakini kilichochapwa hushinda kisichochapwa, na Kiunguja kilikuwa kimechapwa mapema na vizuri. Mtu wa Lamu mwenye tenzi za karne mbili kuambiwa lugha yake si sanifu ni dhuluma, nami naona Steere, aliyeweka utumbuizo wa Liongo katika kitabu chake pamoja na maneno yake magumu ya kale, asingefurahi kusikia hivyo. Hayo ni maoni yangu.

Mchangiaji wa 20

Alikufaje? Na kaburi liko wapi hasa? Nina safari ya Unguja mwezi ujao, nataka nipite.

Mleta uzi (21)

Alifia Unguja tarehe 27 Agosti 1882, usingizini, akiwa na miaka 54. Yule aliyekuja kwa mwaka mmoja au miwili alikuwa ametimiza miaka 19 tangu aondoke kwao mara ya kwanza.

Ukiingia Mkunazini pita ukumbi wote mpaka mbele, zunguka altare. Kaburi liko nyuma yake. Ukitoka hapo, kama una nusu siku, chukua gari mpaka Mbweni. Kuna kanisa la Mtakatifu Yohana lenye makaburi ya watu wa misheni, na magofu ya shule ya wasichana walikokaa waliokombolewa. Tembea pole pole makaburini usome mawe. Ukiona jina la mmoja wa wale watano, piga picha ulete hapa, tafadhali. Nami nitaweka kisa cha Goso mwalimu chote kama alivyokiandika, maana naona kuna mdogo wetu kaniomba kwa faragha.